Nyumba Inayofunguka

Ubora wa nyumba ya Msamburu wa Kipsing huonekana siku inapovunjwa. Siku nyingine zote nyumba hiyo hukaa kimya. Ni fupi kuliko mtu aliyesimama, mgongo wake wa mviringo, rangi yake ya vumbi, na msafiri anayetoka mjini Isiolo kwenda Oldonyiro anaweza kuipita akidhani ni kichaka kilichofunikwa magunia. Alfajiri ya kuhama ndiyo inayomfichua fundi. Mwenye nyumba, ambaye ni mke, huanza kuifungua kutoka juu kwenda chini, na hapo unaona kwamba kila fundo liliwekwa mahali mkono utakapolifikia gizani, na kila mkeka ulilazwa ili wa juu utoke bila kuusumbua wa chini yake. Siku alipoijenga, tayari alikuwa anaiwazia siku hii.

Kipsing iko katika wadi ya Oldonyiro, kaunti ya Isiolo, kwenye nchi ya miiba, vilima vya mawe na laga, yaani mito ya mchanga ambayo hupitisha maji kwa saa chache mvua inaponyesha, kisha hubaki mikavu huku maji yakijificha chini. Watu huchimba visima humo humo mchangani na kunywesha mifugo. Mvua ndefu hutazamiwa kati ya Machi na Mei, na fupi kati ya Oktoba na Desemba, lakini neno sahihi ni hilo, hutazamiwa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Hata mwaka ulio mwema, wingu hunyeshea kilima kimoja na kukiruka cha pili. Majani huota kwa mabaka. Anayefuga hapa na kukaa mahali pamoja mwaka mzima anawaua wanyama wake taratibu, na ndiyo maana nyumba lazima iweze kutembea.

Kazi ya siku ya kuhama huanza siku kadhaa kabla, na sehemu hiyo ni ya mume. Yeye hutangulia kwa miguu, peke yake au na mzee mwenzake, kwenda kuitazama nchi. Mtu asiyejua atadhani anatafuta majani tu. Majani ni swali la kwanza na ndilo jepesi. Anataka kujua ni majani ya aina gani, yatawatosha mbuzi au yanawafaa ng'ombe pia, na kisima kiko umbali gani, kwa sababu wakati wa kiangazi ng'ombe hunyweshwa kwa kuruka siku, na njia ya kwenda majini ikiwa ndefu mno mnyama hutumia nguvu yote aliyokula. Anatazama kama kuna kupe. Anatazama mavi ya tembo na ukavu wake, maana ndovu wanaopita kati ya Laikipia na Samburu wana njia zao, na boma halijengwi katikati ya njia hiyo. Zaidi ya yote anauliza nani yuko huko. Amani ni malisho pia: nyasi zilizofika magotini hazina faida kama usiku unapaswa kulala macho ukisubiri wezi wa mifugo. Kwa hiyo hukaa chini ya mgunga na wazee aliowakuta, akasalimia kwa kirefu, akapewa habari, akatoa za kwake, na ruhusa ikapatikana ndani ya mazungumzo hayo bila mtu kuitamka wazi.

Akirudi, humweleza mke wake mambo matatu: ni mwendo wa kiasi gani, njia ina mawe au mchanga, na tutafika jua likiwa wapi. Haongezi. Hamwambii afungashe nini wala aanze na nini, na hapo ndipo ninapowastahi watu hawa wawili kwa namna ya pekee. Nchi ni elimu ya mume, mzigo ni elimu ya mke. Kila mmoja hutegemea ya mwenzake bila kuikagua. Mke anajua njia ya mawe inataka mzigo mwembamba na uliokazwa juu ya mgongo, na njia ya mchanga inavumilia mzigo mpana. Hilo latosha kumpa hesabu yote.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe.

Nyumba ya tambarare za Kipsing ina mifupa na ngozi. Mifupa ni fito zilizokunjwa, na mti unaopendwa ni mkole, ambao Wasamburu huuita siteti, kwa kuwa ukiwa mbichi hupinda bila kuvunjika, na ukikauka hushika ule mpindo kwa miaka. Fito mpya yaweza kukatwa popote, lakini iliyokwisha kukauka na mpindo wake ni mali. Mama mzoefu anazijua fito zake moja moja, ipi ni ya mlangoni, ipi ni ya juu ya kitanda, ipi ina nundu inayoshika kamba isiteleze. Ngozi ya nyumba zamani ilikuwa ngozi kweli, ya ng'ombe, pamoja na mikeka iliyosukwa kwa nyuzi za mkonge. Siku hizi kuna pia maturubai, magunia, maboksi yaliyokunjuliwa na karatasi za nailoni. Wapo wanaosikitika kuona nailoni. Mimi naona mafundi wakichagua. Ngozi ya ng'ombe ni nzito, na ikilowa huwa nzito zaidi; nailoni haina uzito, lakini hupasuka kwenye miiba na haizuii joto. Kwa hiyo mama huweka mikeka chini na nailoni juu, ile ya kivuli na hii ya mvua, na siku ya kuhama nailoni hutoka kwanza, hukung'utwa umande, hukunjwa, na huwa kitambaa cha kufungia vitu vingine.

Kanuni ya kufungasha ni kwamba kitakachohitajika kwanza jioni ndicho hufungwa mwisho asubuhi. Ukiisikia, inaonekana rahisi. Itazame ikitendeka kwenye nyumba yenye watoto wanne, mtoto mchanga, mbuzi waliozaa wiki hiyo, na bibi asiyeweza kutembea mbali. Vibuyu na vyombo vya maziwa, vilivyosafishwa kwa moshi wa mzeituni-mwitu usiku uliotangulia, hukaa nje kabisa na juu kabisa, kwa sababu mbuzi watakamuliwa mara tu watakapofika na maziwa hayangojei. Sufuria moja na kikombe huwa karibu navyo. Mafiga hayabebwi, mawe yako kila mahali. Ngozi za kulalia hushuka chini ya mzigo, ambako zinafanya kazi nyingine njiani: ndizo zinazolinda mgongo wa punda usichubuliwe. Karibu hakuna kitu kinachosafiri kikiwa na kazi moja tu. Kamba iliyofunga paa ndiyo itakayofunga mzigo, na mkeka uliokuwa ukuta ndio unaokunjwa kuwa mfuko wa kubebea wana-mbuzi, vichwa vyao vikichungulia nje.

Kisha punda wenyewe. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda alifugwa mara ya kwanza barani Afrika, upande huu wa mashariki, karibu miaka 7,000 iliyopita. Kumtazama mama wa Kipsing akimpakia punda ni kutazama kazi ambayo imepita mikononi mwa watu kwa muda huo wote. Punda wa hapa ni mdogo, mvumilivu, na ana mgongo mwembamba ambao mzigo wowote unataka kuuzungukia na kuangukia tumboni. Dawa ni mizani. Kila kinachowekwa kulia lazima kijibiwe kushoto, na si kwa uzito peke yake. Tita refu la fito huvuta kuliko mfuko mfupi wenye uzito ule ule, kwa hiyo tita hujibiwa na tita. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, hivyo mitungi husafiri kwa jozi, na iwe imejaa kabisa au mitupu kabisa, kwa kuwa mtungi wa nusu hucheza, na maji yakicheza mzigo nao hucheza.

Kupakia hakufanywi na mtu mmoja. Ukiweka upande mmoja kabla ya mwingine punda huyumba, na mara nyingi huondoka. Wanawake wawili husimama kila mmoja upande wake, hutazamana juu ya mgongo wa mnyama, na huinua kwa pumzi moja. Wakati mwingine ni mke na mke mwenza, au mama na bintiye, au jirani. Mume naye, akiwa hajaondoka na mifugo, hushika kichwa cha punda na kukaa kimya. Kamba hupita chini ya tumbo, nyingine mbele ya kifua ili mzigo usirudi nyuma wakati wa kupanda, nyingine chini ya mkia ili usiteleze mbele wakati wa kuteremka. Anayekaza huweka goti ubavuni mwa punda na kusubiri. Punda hujaza tumbo pumzi akihisi kamba. Ukikaza wakati huo, akishapumua kamba italegea kabla hujavuka laga ya kwanza. Mama husubiri pumzi itoke, ndipo akavuta. Nimewaona vijana wenye nguvu maradufu wakishindwa hapo, kwa kukosa subira tu.

Kamba za ngozi mbichi bado zinathaminiwa kuliko za nailoni, na sababu ni ya kifundi. Ngozi ikilowa hulegea na ikikauka hukaza, kwa hiyo kamba iliyofungwa asubuhi ikiwa na unyevunyevu hujikaza yenyewe jua linapopanda. Nailoni haifanyi hivyo, na fundo lake huteleza. Anayetumia nailoni hulazimika kulizungusha mara moja zaidi, na mwishoni huacha kitanzi cha kuvuta, ili jioni mkono mmoja uwe umebeba mtoto na mwingine ufungue.

Majirani wa upande wa kaskazini, Warendille na Wagabra, hufanya kazi hii juu ya ngamia, na ufundi wao umepata waandishi wake. Kitabu cha Labelle Prussin kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, cha mwaka 1995, kinaonyesha jinsi nyumba nzima ya Wagabra inavyogeuka kuwa tandiko la ngamia wakati wa safari, na kwamba aliyeibuni, kuijenga, kuibomoa na kuimiliki ni mwanamke. Mchango wa punda umeandikwa kwa uchache zaidi. Labda kwa sababu ngamia hupendeza kwenye picha. Lakini mwenye ngamia ana mnyama mrefu mwenye nguvu. Mwenye punda lazima agawe nyumba moja kwa wanyama wanne au watano wadogo, kila mmoja akiwa na tabia yake, na kuhakikisha kwamba hata mmoja wao akipotea njiani, nyumba inayobaki bado inaweza kusimama.

Wapo watu wengine duniani wanaoijua siku kama hii. Marekani kuna wanandoa wengi, hasa waliostaafu, wanaoishi kwenye nyumba za magurudumu na kuhama kutoka kambi moja hadi nyingine. Mwaka 1959 mmoja wa mabingwa wao, Wally Byam, mwanzilishi wa nyumba za Airstream zinazong'aa kwa bati la alumini, aliongoza msafara wa nyumba 41 za kukokotwa na magari kutoka Cape Town hadi Cairo, wakapita Kenya na Ethiopia wakihangaika na matope na mawe. Watu hao nao wana sheria zao za mizani. Hushauriana kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyumba ikae kwenye ndoano ya gari, kwani ikipungua mkia huanza kuyumba barabarani na unaweza kupindua vyote. Nao pia hugawana kazi, mmoja nyuma ya usukani na mwingine akikagua kamba na milango. Nadhani mwanamke wa Kipsing na mwanamke wa Airstream wangeelewana haraka sana wakiachwa wawili mbele ya mzigo. Tofauti iliyopo ni kwamba yule wa pili alinunua nyumba iliyokwisha kupimwa kiwandani, na huyu wa kwanza ndiye kiwanda.

Safari yenyewe si ndefu kusimulia. Mifugo hutangulia na vijana wakati bado kuna ubaridi, ikila njiani. Punda hufuata kwa mstari, mama akiwa nyuma yao, kwa sababu mzigo hukaguliwa kutoka nyuma: huko ndiko unaona kama mstari wa mgongo na mstari wa mzigo imeachana. Watoto wadogo hupanda juu. Jua likiwaka husimama chini ya mti, kamba hukazwa upya, mtoto hunyonya, kisha huendelea.

Ufundi huu unabanwa, na ingekuwa kosa kuusifu bila kusema hivyo. Katika mwongo uliopita machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na wizi wa punda ukaenea vijijini. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Aliyeibiwa punda mjini amepoteza kipato. Aliyeibiwa hapa amepoteza pia uwezo wa kuhama na nyumba yake, na ni mwanamke karibu kila mara.

Kisha kuna ardhi. Mradi mkubwa wa miundombinu wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, una mji wa kitalii uliopangiwa Mwanya wa Kipsing, na tangu hapo watu wa eneo hili wamekuwa wakiuliza njia za mifugo zitapita wapi. Na kuna shule, jambo ambalo hakuna mzazi angelikataa. Familia nyingi sasa zina nyumba ya mabati karibu na kituo, ambako mke mmoja au bibi hukaa na watoto wa shule, huku vijana wakienda fora, yaani kambi za mbali za malisho, na ng'ombe wakiwa na turubai tu. Ni mpango wa busara. Lakini nyumba ya mabati haimfundishi binti kupima mizani, na mkono usiopinda siteti mara kwa mara hausahau kwa siku moja. Husahau kidogo kidogo, kuanzia na kile kitu kigumu zaidi, yaani kujua fito ipi hukaa wapi bila kufikiri. Natamani vyuo vyetu vya usanifu vya Nairobi viwalete wanafunzi wao hapa kabla kizazi hiki cha kina mama hakijachoka, wakae msimu mzima, wabebe, wakosolewe.

Kufika ndiko kunakopima asubuhi. Mume huonyesha mahali pa boma na pa lango, kisha wanaume huchukua mapanga na kukata matawi ya miiba, maana ua ukichelewa fisi hawachelewi. Mke hutembea ndani ya eneo hilo akitazama chini. Anatafuta mwinamo mdogo wa kupitisha maji ya mvua, anageukia upepo ili aupe mgongo wa nyumba, anasogeza jiwe kwa mguu. Akishachagua, hachagui tena. Vyombo vya maziwa hushuka kwanza, kisha moto, kisha fito, za mlango zikitangulia kwa sababu ndizo zinazoelekeza zote. Mzigo uliopangwa vizuri hufunguka kwa mpangilio wa ujenzi: kila mkono unaponyooka kutafuta kitu, hicho ndicho kilichopo juu. Hakuna anayepekua. Mbuzi wanaporudi na giza, paa lina mikeka upande mmoja tayari, na upande wa pili unamaliziwa kwa mwanga wa moto, huku mtoto mkubwa wa kike akiwa ndani akisukuma fito kwa mgongo ili mama yake akaze kwa nje.

Baada ya kukamua, mume huhesabu mifugo langoni, na mke huwahesabu punda kwa njia yake, akipitisha kiganja kwenye mgongo wa kila mmoja kutafuta joto au unyevu. Akigusa mahali palipochubuka, huosha, hupaka mafuta, na kukumbuka ni tita gani lililokaa pale na fundo gani lilisogea. Punda huyo hatabeba safari ijayo. Mzigo wake utagawanywa upya, labda robo iende kwa jirani, labda fito mbili zikatwe fupi, na mama huanza kuugawa kichwani usiku huo huo, akimuuliza mume wake swali moja tu kupitia mlangoni, kama nyasi za huku zitafika hadi mwezi ujao au la.